Kabla ya kununua mbegu za nyasi, pima kama ardhi yako inanywa maji

Wateja wengi wa Kajiado, Makueni na Laikipia wanaotaka kurudisha malisho ya wanyamapori na mifugo huanza kwa kuuliza bei ya mbegu. Sisi huuliza kwanza: mvua ikinyesha, maji yanaenda wapi? Ardhi iliyokanyagwa na kwato miaka mingi hujifunga gamba juu. Ukimwaga mbegu juu ya gamba hilo, mvua ya kwanza itazisomba hadi kwa jirani.

Kipimo hakina gharama. Chukua mkebe wa bati uliokatwa juu na chini, uuzamishe ardhini sentimita 5, kisha ujaze maji. Fanya vivyo hivyo chini ya mti ambako nyasi bado zipo. Ikiwa chini ya mti maji yamezama na kwenye kipara kisicho na nyasi bado yamesimama, tatizo lako si mbegu.

Mahali palipo karibu tambarare, pasua gamba kwa plau ya ng'ombe, mistari ikikata mteremko na si kushuka nao. Penye mteremko chimba mashimo ya nusu mwezi: upana mita 5, na mita 2.5 kufuata mteremko kushuka. Udongo unaotoka urundike upande wa chini, mdomo ubaki wazi kule maji yanakotoka. Safu inayofuata izibe mapengo ya safu ya juu. Ukiyapanga moja chini ya jingine, maji hupita katikati na kuchimba korongo, na hapo umeharibu zaidi ya ulivyotengeneza.

Kwa udongo uliochoka, samadi ya ng'ombe wako mwenyewe inatosha, ila iletwe na ng'ombe wenyewe. Hifadhi ya Ol Pejeta, kwa mfano, hutumia maboma ya kuhamishika: ng'ombe hulazwa juu ya kipara usiku kadhaa, kisha boma linasogezwa. Kwato huvunja gamba; mkojo na samadi hubaki. Wiki moja hivi yatosha. Wakikaa miezi, samadi huwa nene mno na kinachotangulia kuota ni magugu. Baadaye rutuba hiyo hudumu: kwenye maboma ya kale ya Laikipia nyasi hubaki fupi na tamu kwa miongo, na swala pala hawabanduki hapo.

Sasa mbegu. Tunachanganya Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba (Wakamba huiita mbeetwa) na Enteropogon macrostachyus (nguu). Punda milia humudu mashina marefu magumu, swala tomi hutaka nyasi fupi, kwa hiyo aina moja pekee haifai. Twiga na swala twiga ni wa majani ya miti. Usifyeke migunga yote kwa tamaa ya nyasi.

Kiasi ni kilo 2 kwa ekari, zikichanganywa na mchanga mkavu ili mkono usimwage zote mahali pamoja. Panda kabla tu ya mvua za Oktoba. Zisifukiwe zaidi ya sentimita 1; kuburuta tawi la mwiba juu yake kwatosha. Muulize muuzaji, hata sisi, zilivunwa lini: nguu iliyovunwa majuzi bado imelala na huota vibaya mpaka ikae ghalani miezi kadhaa. Halafu bana chache kwa ukucha. Cenchrus huja na manyoya mengi, na mengine hayana punje ndani.

Kinachowaangusha wengi ni kupanda kipande kidogo. Kijani pekee katika nchi kavu huita kila mnyama wa karibu, na huwezi kumfukuza pundamilia kama unavyomfukuza mbuzi. Tandaza matawi ya miiba juu ya miche, na mifugo isiingie hadi nyasi zidondoshe mbegu zao za kwanza.

Ukitaka makadirio, tutumie ukubwa wa eneo, picha ya mteremko, na dakika ambazo maji ya mkebe yalichukua kuzama. Mathenge (Prosopis juliflora, mti wa miiba unaovamia malisho) hatuuzi, hata ukituahidi utaipogoa.