Shangazi hataki tuchimbe habari za bibi

Mpendwa Mshauri,

Mama mzazi wa babu yangu (nitamwita bibi tu) hana wazazi. Kwenye karatasi, namaanisha. Cheti cha ndoa yake na baba yake babu kinamtaja kuwa mjane, na sehemu ya jina la baba wa bibi harusi imeachwa wazi. Kwa hiyo kulikuwa na mume kabla, pengine zaidi ya mmoja.

Kinachonisumbua zaidi ni jina la ukoo aliloandikisha siku hiyo. Mjane huenda akaandikwa kwa jina la marehemu mumewe, si la baba yake. Ndugu zangu wamelisaka jina hilo miaka na miaka katika madaftari ya vizazi, na kila familia wanayoipata haina binti kama yeye. Nahisi wanahangaika na ukoo wa wakwe. Cheti cha ndoa ya awali huenda kingemtaja baba, ila nitakitafutaje bila jina alilozaliwa nalo? Nimebaki na mashahidi wawili, mmoja mwanamke asiyejulikana na yeyote nyumbani.

Nikapima vinasaba. Akatokea mtu tunayeshiriki naye takriban asilimia 1.5. Kiasi hicho kinamfaa kitukuu wa bibi kwa mume wa awali, na kinamfaa vilevile mjukuu wa ndugu yake bibi wa baba na mama mmoja. Akiwa wa kwanza, nitampata mume. Akiwa wa pili, nitawapata wazazi. Bahati mbaya mwenyewe alilelewa na watu baki, naye anamtafuta mama yake.

Mwenye ufunguo ni shangazi, binti wa dada yake babu. Yeye ni mjukuu, hivyo karibu asilimia 25 ya vinasaba vyake vimetoka kwa bibi; mimi nimefikiwa na 12.5 hivi. Kipimo chake kingeibua ndugu ambao changu hakiwaoni. Nilipomwomba alinijibu kwa ukali: "Aliyenyamaza alikuwa na sababu zake. Mwacheni." Tangu hapo hapokei simu yangu. Naamini mama yake alimsimulia kitu.

Mwanawe mkubwa amekubali kupima kimyakimya. Si sawa na mama yake, lakini atakuwa na vipande ambavyo mimi sikurithi. Tatizo ni kwamba nusu ya vinasaba vyake ni vya mama huyohuyo aliyekataa, na siku akijua, sidhani atatusamehe.

Je, nimkubalie huyu kaka, au nimngoje shangazi alainike ilhali umri wake umekwenda? Au niviache vinasaba kwanza, nimfuatilie yule shahidi wa kike? Na yule ndugu mpya anayeniuliza kila mara kama kuna jipya, nimweleze kwamba yupo mzee anayejua na hataki kusema?

Wako,
Kitukuu