Asilimia 40 ya nini? Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya hifadhi ya jamii

Mheshimiwa Waziri,

Kwa umri huenda mimi ndiye ningeamkiwa, ila cheo kina heshima yake, kwa hiyo shikamoo. Ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida, nimebakiza miaka michache kutimiza 60, na nilikuwa mwanachama wa PSPF mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kabla haujaunganishwa na mifuko mingine ya LAPF, GEPF na PPF mwaka 2018 kuwa PSSSF.

Kila tunapouliza kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, tunajibiwa kwamba kimeshapandishwa. Ni kweli. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024, Dkt. Mwigulu Nchemba, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza kuwa mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu akistaafu, wa waliokuwa wakilipwa asilimia 50 zamani, ulioshushwa hadi 33, utafika 40, na waliokuwa kwenye kundi la asilimia 25 zamani watafika 35. Hao wa mwisho wana sababu ya kushukuru, maana walianzia chini. Sisi wa kundi la kwanza tuliambiwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida angeelewa kuwa tumepoteza kumi tu kati ya hamsini. Nami nafundisha hesabu darasa la saba, kwa hiyo naomba tukae na namba kidogo.

Tuchukue mwalimu ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, na ametumikia miaka 30, sawa na miezi 360. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF na LAPF, miezi hiyo iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka, na nusu ya jibu ikazidishwa kwa 15.5. Mkupuo unakuja shilingi milioni 74.4, na pensheni ya kila mwezi 400,000.

Kwa utaratibu ulioanza 1 Julai 2022, miezi ileile inagawanywa kwa 580, na kizidishio ni 12.5. Kwa asilimia 33 mkupuo ukawa milioni 36.9. Baada ya kupandishwa hadi 40 umekuwa milioni 44.7, na pensheni ya mwezi inakaribia 447,000.

Kumbe kilichoondoka si asilimia kumi tu. Ni karibu shilingi milioni 30 katika 74, na sehemu kubwa imeondokea kwenye 540 kuwa 580 na 15.5 kuwa 12.5, namba ambazo hakuna anayezitaja kwenye mikutano. Ukiirudisha asilimia yenyewe kuwa 50 kesho asubuhi na kuziacha hizo mbili zilivyo, mwalimu wetu atapata milioni 55.9. Bado atapungukiwa zaidi ya milioni 18.

Najua jibu linalofuata: pensheni ya mwezi imeongezeka, na hiyo ndiyo kinga ya uzeeni. Imeongezeka, ndiyo, kwa takribani shilingi 47,000. Gawanya zile milioni 30 kwa 47,000 uone ni miezi mingapi. Ni zaidi ya miaka 50. Mstaafu wa miaka 60 atalazimika kuishi hadi 110 na ushee ndipo nyongeza hiyo ifidie alichopoteza, na serikali hiyohiyo, kwa kuweka 12.5, inamkadiria kuishi miaka kumi na miwili na nusu baada ya kustaafu.

Makato yetu, wakati huo wote, hayakupungua hata senti. Asilimia tano yetu na kumi na tano ya mwajiri ni zilezile.

Halafu kuna hili la kuambiwa kwamba wastaafu wanachezea mafao, kwamba mtu akishika mkupuo anaoa mke wa pili, ananunua gari bovu, baada ya mwaka anaomba nauli. Wapo, sikatai. Hata mimi nina mmoja wa kukutajia, nisingependa aione barua hii. Lakini wengi ninaowafahamu wanausubiri mkupuo kwa mambo ya kawaida kabisa: kumalizia nyumba iliyosimamia kwenye linta kwa miaka minane, kulipa ada ya mtoto aliye chuoni, kujitoa kwenye mikopo ya kausha damu waliyoingia kwa sababu mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Mtumishi anayeishi nyumba ya shule anatakiwa kuondoka akistaafu. Pensheni ya kila mwezi haijengi nyumba. Na mbona wabunge, Bunge likivunjwa, hulipwa kiinua mgongo chao chote, na hakuna anayeuliza watakifanyia nini?

Sitajifanya sijui tatizo la mfuko lilikotoka. PSPF ilipoanza mwaka 1999, watumishi walioajiriwa kabla ya hapo hawakuwa na michango, na serikali ndiyo iliyopaswa kuleta fedha za miaka hiyo. Haikuzileta. Mfuko ukaendelea kulipa wastaafu kwa michango ya waliokuwa bado kazini, na deni likafika takribani shilingi trilioni 4.6. Mwaka 2021 serikali ilitoa hati fungani zisizo taslimu, yaani ahadi za maandishi za kulipa baadaye, za trilioni 2.17 kupunguza pengo hilo. Ni hatua, na aliyeifanya anastahili kupewa haki yake. Ila haiondoi ukweli kwamba mdaiwa alikuwa mwajiri, na aliyepunguziwa mafao ili mfuko usimame ni mwajiriwa.

Tena tulikuwa na ahadi. 28 Desemba 2018, baada ya kelele za kikokotoo cha kwanza kilicholeta asilimia 25 kwa wote, Rais Magufuli aliwaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wakuu wa mifuko, akaelekeza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Watu walikopa na kupanga maisha kwa kutegemea kauli hiyo. Kikokotoo kipya kikaanza kabla 2023 haijafika. Tuliambiwa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, imeshirikishwa. Shuleni kwetu hakuna aliyekuja kutuuliza.

Sasa ninachoomba, na nimekitafakari. Sidai utaratibu wa zamani urudi kwa kila mtu. Kijana aliyeajiriwa mwaka jana ana miaka 35 ya kujipanga na kanuni anazozijua. Naomba miaka tuliyotumikia kabla ya 1 Julai 2022 ikokotolewe kwa kanuni zilizokuwepo wakati tunaitumikia, na iliyofuata kwa kanuni mpya. Kwa mwalimu wa mfano wetu, akistaafu akiwa na miaka 25 ya zamani na mitano ya sasa, mkupuo ni milioni 69.4. Mzigo huo unapungua wenyewe kila mwaka, kadiri watumishi wa zamani wanavyoondoka, na unaweza kupangiwa bajeti kwa sababu mfuko una orodha yetu na tarehe zetu za kuzaliwa.

Kama hilo haliwezekani, basi ichapishwe tathmini ya uhai wa mfuko, yaani hesabu ya kama fedha zake zitatosha kulipa mafao ya miaka ijayo, kwa Kiswahili, pamoja na jedwali linaloonyesha serikali imelipa kiasi gani cha deni la kabla ya 1999, imebakiza kiasi gani na itamaliza lini. Tukiona kwa macho yetu kwamba fedha haipo, tutabishana na kitu kinachoonekana. Kwa sasa tunabishana na asilimia.

Na afisa atakayetumwa kutupa semina ya kujiandaa kustaafu aje na fomula nzima ubaoni, 580 na 12.5 zikiwemo. Mwaka jana aliyekuja alitufundisha ufugaji wa kuku.

Wako katika utumishi wa umma,
Mwalimu wa shule ya msingi, Singida