Kabla ya kupogoa migunga masika, angalieni viota vya kwenzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Moshi, hasa wenye nyumba na vijana wanaoitwa kukata miti. Msishushe matawi ya migunga wakati wa mvua kabla ya kuangalia kama kuna kiota cha kwenzi. Mkikikuta, subirini. Kwenzi huatamia karibu wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki tatu hivi. Ni kama wiki tano kwa yote, na kazi nyingi za kupogoa zinaweza kungoja muda huo.

Namzungumzia yule ndege wa mgongo wa buluu unaong'aa, kichwa cheusi, tumbo la rangi ya tofali la kuchoma, na mstari mweupe kifuani. Macho ya wakubwa ni meupe. Ya wadogo bado meusi. Wakazi wa Pasua, Njoro na Majengo wanamjua, maana hana woga na watu. Mimi ni fundi cherehani, nashinda barazani, nao hupita chini karibu kabisa na miguu ya wateja wangu wakiokota mchwa na panzi.

Mwezi wa nne mwenye nyumba mmoja mtaani kwetu aliita vijana wapunguze mgunga ulioegemea ukuta wake. Tawi la kwanza lilishuka na kiota. Kwa nje kiota cha kwenzi ni bonge la nyasi kavu na miba, limekaa hovyo hovyo, mlango uko ubavuni, kwa hiyo aliye juu na panga anaona takataka tu. Kilipopasuka pale chini, ndani mlikuwa mmetandikwa manyoya ya kuku, na makinda matatu ambayo manyoya yake ndiyo kwanza yanachipua, midomo wazi, ya manjano pembeni. Hakuna aliyepona. Lakini kilichoniumiza zaidi ni waliokuja baadaye. Hawakuwa baba na mama peke yao. Walikuja kwenzi wanne au watano, kila mmoja na mdudu mdomoni, wakatua ukutani, wakaruka hadi pale tawi lilipokuwa, wakarudi ukutani. Nilifunga kazi jioni nikawaacha bado wanahangaika.

Mdogo wangu alisoma Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, na sasa anaongoza watalii. Nilipomsimulia, akanieleza kwamba kwenzi hawa huishi kwa makundi, na wengine hulisha makinda yasiyo yao. Huko Mpala, Laikipia, nchini Kenya, watafiti walifuatilia makundi hayo tangu 2002 hadi 2021, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Waliona kwamba kwenzi hasaidii ndugu zake tu. Husaidia hata asiye na undugu naye, na huyo aliyesaidiwa huja kumrudishia siku nyingine, pengine baada ya miaka. Sisi akina mama tunaocheza upatu tunalielewa hilo bila kufafanuliwa. Kiota kimoja kikianguka, jasho la wengi limepotea.

Aliniambia na hili, ambalo tangu hapo nalisikiliza kwa makini. Kwenzi ana mlio mmoja wa kuonya akiona ndege mla nyama, na mwingine kwa adui anayekuja chini. Huko Amboseli, ng'ambo tu ya mlima wetu, watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waliwarekodi kwenzi kisha wakawachezea tumbili sauti hizo. Wakisikia onyo la mwewe, tumbili walitazama juu. Wakisikia lile lingine, walikimbilia mitini. Mimi mwenyewe kwenzi wakianza kelele kwenye ua, nanyanyuka kuangalia vifaranga vyangu, na mara nyingi kweli kuna paka.

Najua mti ukigusa nyaya za umeme au ukitaka kuangukia nyumba lazima ushughulikiwe, mvua au jua. Sipingi. Nazungumzia ile miti inayopogolewa kwa sababu kijana mwenye msumeno amepatikana leo, au kwa sababu miba inachafua uwanja. Hiyo ingeweza kukatwa Februari, au kusubiri hadi Julai. Na anayelalamika kwamba ndege hawa wanachafua, atazame pia wanakula nini kwenye vishamba vyetu vya mahindi na maharage.

Kuangalia hakuna ufundi mkubwa. Kaa mbali kidogo na mti, asubuhi, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ukiona kwenzi wanaingia na kutoka kwenye lile bonge la nyasi wakiwa na wadudu mdomoni, mna makinda. Wakati wa kuatamia huwa kimya zaidi, kwa hiyo ukiona ndege anaingia na hatoki, usiguse. Nawaomba na wenyeviti wa mitaa: mtu akija kutaka ruhusa ya kukata mti kipindi cha mvua, aulizwe kwanza kama ameangalia juu. Na wazazi, wanyang'anyeni watoto manati.

Vuli nayo inakuja, na kwenzi watajenga tena. Ule mgunga ulioko kando ya mfereji hapa kwetu wameshaanza kuuzungukia. Yeyote atakayepewa kazi ya kuupogoa, apite kwanza barazani kwangu, nitamwonyesha matawi ya kuacha.

Fundi cherehani,
Pasua, Moshi