Tuonyesheni pesa za dawa, ndio mama afungue mlango

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako maana hii kitu imenikaa rohoni tangu Julai 2025, ile kampeni ya chanjo ya surua na rubela pamoja na ile mpya ya taifodi, tukapewa siku kumi, na sisi wahudumu wa afya ya jamii tukatumwa kupita nyumba kwa nyumba kuambia wazazi walete watoto.

Kwa ploti moja hapa Kayole nilipata mama amesimama mlangoni na kufuli mkononi, na nyuma ya pazia naona miguu midogo imevaa sandali za bluu. Akanichezea voisi ya WhatsApp, mwanaume anajiita daktari anasema hiyo sindano itafanya wasichana wasizae. Nikamwambia hiyo stori ni ya kitambo, hata 2014 ilisemwa hivo hivo juu ya chanjo ya pepopunda, nikamweleza taifodi inatoka kwa maji na chakula kichafu, na sisi huku maji tunanunua kwa mtungi na mipira yenyewe imepita ndani ya mtaro wa choo, kwa hivyo mtoto anahitaji kukingwa. Alinisikiza vizuri tu mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Dada, na wewe sina shida. Lakini hao wenye wamekutuma si ndio walikula pesa ya korona? Leo ndio wameanza kupenda watoto wangu?"

Nilikosa jibu, mhariri. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alikagua KEMSA, lile shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa, mwaka wa 2020 na akakuta ununuzi wa vitu vya korona wa shilingi bilioni 7.8 haukufuata sheria. Watu hawajasahau hiyo. Kisha 2023 tenda ya neti za malaria, bilioni 3.7, nayo ikaharibika mpaka Rais Ruto akafuta katibu wa wizara na bodi ya KEMSA ikaenda, na neti jameni ni za watoto wadogo na kina mama wajawazito!

Sasa yule wa voisi hana haja ya ushahidi, kazi yake ilishafanywa na wenye waliiba. Wataalamu wanaweza kaa chini wapange mpango mzuri kabisa, chanjo ni salama, lakini ikifika kwa mlango inapata kufuli, na surua vile inaambukiza, ploti ya nyumba ishirini watoto wote wanacheza kwa koridoo moja.

Wizara ikisikia hivi inatoa taarifa ati wananchi wapuuze uvumi. Hiyo haisaidii mtu huku. Katiba kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari, cha 227 kinasema ununuzi wa serikali uwe wa wazi, basi bandikeni kwa ukuta wa kila zahanati, Kiswahili na herufi kubwa: dawa ngapi zimeletwa, zilinunuliwa pesa ngapi, nani alipewa tenda, ngapi zimebaki kwa stoo. Mama akiniuliza nimshike mkono twende asome mwenyewe.

Saa hii niko na neno langu tu. Hapo kwa huyo mama nimerudi mara nne na mtoto bado hajachanjwa.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Kayole, Nairobi