Bia Yako Nyeusi Imegoma Kuchachuka? Tuanze na Hamira

Baridi inapokaribia, swali huwa lilelile: "Stauti yangu imesimama kwenye 1.040, haishuki tena. Mliniuzia kimea kibovu?"

Stauti ndiyo hiyo bia nyeusi, na namba hiyo ni uzito wake ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000; hushuka kadiri hamira inavyogeuza sukari kuwa pombe. Kwanza tunauliza umepima na nini. Kama ni rifraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa mwanga, huenda bia haina tatizo lolote. Pombe ikishaingia, kifaa hicho husoma juu kuliko ukweli. Pima upya kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea, kabla hujagusa kitu.

Ikiwa haidromita nayo inasema 1.040, mara nyingi hamira ndiyo iliyoelemewa. Bia ya kawaida huanza kwenye 1.045 hivi, ila stauti ya kunywa wakati wa baridi inaanzia 1.090. Sukari imeongezeka maradufu, ndoo ni ileile ya lita 20, na mtu anamwagia pakiti moja tu ya gramu 11. Sukari nyingi huibana hamira tangu mwanzo, halafu pombe inayopanda inazidi kuidhoofisha. Weka pakiti mbili. Tusingekuuzia ya pili kama moja ingetosha.

Hewa nayo ni muhimu, hasa kwa hamira ya maji. Kuchemsha maji ya kimea, yale matamu yatakayokuwa bia, hufukuza oksijeni, na hamira huihitaji ili izaliane. Yakishapoa hadi nyuzi 18 au 20, tikisa ndoo kwa nguvu dakika tano, ndipo utie hamira. Uchachukaji ukishaanza, usiingize hewa tena. Bia itapata ladha ya karatasi iliyolowa.

Usiku wa kwanza usiwe mbali. Povu la rangi ya kahawa hupanda hadi kusukuma kizibo, kwa hiyo tumia bomba pana la mpira linaloishia kwenye chupa ya maji. Ndoo yenyewe hupata joto kuliko chumba, basi ichunge isipite nyuzi 20 siku hizo za mwanzo.

Kama imeshagoma, ipeleke penye nyuzi 21 au 22, izungushe taratibu, kisha subiri siku chache. Isiposhuka, andaa hamira mpya pembeni kwenye maji ya kimea kidogo na uitie ingali inatoa povu. Ukiinyunyiza kavu ndani ya pombe, nyingi itakufa.

Tafadhali usiijaze kwenye chupa kwa sababu tu mapovu yamenyamaza. Sisi wenyewe tuliwahi kufanya hivyo ikiwa 1.034, na chupa mbili zikapasuka kabatini. Vipande vya chupa vilijichoma hadi kwenye mlango. Subiri kipimo kisibadilike kwa siku tatu. Ikitoka 1.090 hadi 1.022, umepata pombe ya asilimia 9 hivi, na ladha itatulia baada ya miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo usingoje baridi ifike ndipo uanze.

Ukikwama, njoo na namba tatu: kipimo cha mwanzo, cha sasa, na joto la ndoo. Ushauri hatutozi.