Shukrani kwa dada wa kwenye ngazi

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Ulinikuta nimekaa kwenye ngazi za jengo lile, kamba ya mbwa mkononi, machozi yakinilengalenga. Nilikuwa natafuta vyumba vya kupanga, na mwenye nyumba wa tisa alikuwa ametoka kunikatalia. Alimtazama mbwa wangu Simba mara moja tu, kilo 45 zile, akafunga mlango.

Hukunipa pole ukapita. Uliketi. Simba akaweka kichwa chake kizito magotini pako, nawe ukawa unamkuna nyuma ya sikio huku ukinionyesha kosa langu: nilikuwa namtaja mbwa mwishoni, baada ya kukagua vyumba, na mwenye nyumba anahisi amefichwa jambo. Mtaje mwanzo, ukasema. Beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba mbwa hakuharibu kitu wala kusumbua majirani. Tafuta ghorofa ya chini, maana mbwa mkubwa akizeeka viungo humuuma na ngazi humtesa. Na ruhusa iandikwe kwenye mkataba, isibaki ya mdomo. (Hili la mwisho nisingeliwaza kamwe.)

Nimefanya yote. Sasa tuna vyumba viwili, ghorofa ya chini, na jina la Simba limo kwenye mkataba, ukurasa wa pili. Amelala mlangoni ninapoandika haya.

Wengi walinishauri nimgawe. Wewe hukulitamka hilo hata mara moja. Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie.