Barua ya wazi kwa kaka yangu, kabla hujawafundisha watoto kuogopa jezi

Kaka, assalaam alaykum.

Shemeji amenitumia picha ya vijana wako wa huko Tabora, wamejipanga mistari miwili, wewe umesimama pembeni na filimbi shingoni. Nimefurahi, na furaha yangu ni ya kweli, maana kwetu hakuna anayeusoma mpira kukuzidi wewe. Kisha nikasoma maelezo yake chini ya picha. Anasema Jumamosi mnakutana na ile timu ambayo hapo Tabora haijafungwa na mtoto yeyote wa rika lao, na kwamba umewaahidi vijana wakifungwa chini ya matatu utawanunulia soda.

Simu zangu hupokei. Kwa hiyo nakuandikia hapa, mahali ambapo najua unapita hata kama huachi neno.

Soda hizo nazijua, Kaka. Tulizinywa sisi kwanza. Unakumbuka pale chini ya mwembe, hapa Kigoma, siku ya nusu fainali, wale jamaa wanashuka kwenye Coaster wanaimba, na sisi tumefika kwa miguu kutoka Mwanga viatu mkononi. Ulikuwa nahodha. Kocha alikuwa amemaliza kuzungumza, amezungumza vizuri tu, ametupangia nani amkabe nani. Ukaomba neno la mwisho. Ukasema, "Wadogo zangu, leo tusiaibike. Tukifungwa mbili, tumecheza." Nilimtazama kipa wetu, mtoto wa shule yule, na nikaona mabega yake yanashuka. Baadaye kwenye mstari wa kupeana mikono nilikuwa nyuma yako. Ulimshika mkono namba kumi wao, ukamwinamia sikioni: "Baada ya mechi usinisahau, hiyo jezi yangu." Hujui kama nilisikia. Nilisikia, na kipa alisikia.

Nataka nikueleze nilichokiona kutoka upande wa kulia, maana wewe ulikuwa katikati. Mimi winga namkaba kwa kumgusa, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo: mkono kiunoni, akipokea mpira anajua nipo. Siku ile zilipita dakika chache tu nikajiona nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nikatazama kule kushoto, namba tatu wetu naye yuko vilevile. Viungo wakashuka wakaja kukaa juu ya vidole vyetu. Kipa akipiga mrefu hakuna wa kuupokea, mpira unarudi. Tukawa tunaubutua kama watu walioshikishwa kaa la moto. Wale hawakufanya cha ajabu, walisubiri tu. Mchezaji yeyote ukimwachia hatua tano atainua kichwa, ataiona pasi, ataonekana fundi. Nusu ya ufundi wao ule tuliwapa sisi wenyewe. Mwamuzi naye alikuwa anawaita kwa majina yao, na sisi anatuita "wewe".

Ndivyo jina la timu kubwa linavyofanya kazi. Watu wanadhani linawapa wenye jina nguvu. Linawapunguzia wapinzani mikono, linawarudisha nyuma hatua mbili tatu, na uwanja unakuwa mkubwa kwa mmoja na mdogo kwa mwingine. Bao la kwanza lilipoingia, mfungaji wao mwenyewe aligeuka kumtazama kibendera, kwa sababu hakuamini kuwa ameachwa peke yake vile.

Mabao manne nimeyasamehe. Nisichosamehe ni dakika ya themanini na kitu.

Yule dogo wa Kasulu. Alikuwa na wiki mbili mjini, amekuja kukaa kwa shangazi yake kule Gungu, kocha akamwingiza kwa kuwa mechi imeshakwisha na benchi halina mtu. Hakuwajua wale. Hakuwahi kusikia habari zao, hakujua nani aliwahi kufanya majaribio Dar es Salaam, nani anatajwa redioni. Akapokea mpira kwangu, akamwendea beki wao aliyekuwa anaogopwa na mji mzima, akampita. Yule beki akateleza! Uwanja ukanyamaza, halafu wakaanza kucheka kwa furaha. Akaupata tena, akampita tena, akapiga, ukagonga mwamba. Mimi nikapanda. Namba tatu akapanda. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona kipa wao anapiga kelele kuwapanga mabeki. Walikuwa wameanza kuulizana.

Na hapo ndipo ulipopiga kelele wewe. "Rudi! Rudi nyuma! Unataka tufungwe kumi?"

Yule mtoto alisimama. Alikutazama, akanitazama mimi, akarudi. Hakuuomba mpira tena mpaka mwisho. Wewe ulikwenda kuchukua jezi yako, na yeye nikamwona amekaa peke yake anafungua kamba za viatu vya kuazima. Ligi iliyofuata nilimfuata hadi kwa shangazi yake, akaniambia hachezi tena, anakwenda Kibirizi kubeba dagaa. Mwenye miguu ile, Kaka!

Utasema, kama ulivyosema kila mara, kwamba walikuwa bora kuliko sisi. Walikuwa bora, sibishi. Timu kubwa ina wachezaji wazuri, ina mazoezi, ina hela ya kula vizuri. Lakini ubora una kipimo chake, labda siku ile ulikuwa wa bao moja, labda mawili. Hayo mengine yalitoka kwetu.

Miezi michache baadaye, Desemba 2018, Mashujaa wa hapa Kigoma walikwenda Dar es Salaam wakaitoa Simba Kombe la Shirikisho kwa 3-2. Mashujaa wa wakati ule, hata Ligi Kuu hawajaigusa. Nilikuja mbio kukuambia, ukasema Simba walichoka, wametoka kuitoa Nkana ya Zambia siku tatu nyuma. Sawa, walichoka. Aliyechoka hafungwi na mtu aliyesimama hatua tano. Lazima awepo wa kumfuata.

Julai 2021 tulikuwa wote uwanja wa Lake Tanganyika, fainali ya Simba na Yanga, mji umejaa hadi watu wanalala kwenye varanda. Mukoko wa Yanga akatolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Yanga kumi wakashikilia mpaka karibu dakika ya 80, ndipo Taddeo Lwanga wa Simba akaunganisha ile kona. Nikakugusa bega, nikakuambia tazama, pungufu na hawajainama. Wale wamekua wakitazamana usoni miaka yote, hakuna anayemwona mwenzake mkubwa. Hao hao Simba, Oktoba 2013, walikwenda mapumziko wako nyuma 3-0 mbele ya Yanga na mechi ikaisha 3-3. Nani angewalaumu kama wangeanza kuhesabu tu yasifike sita? Hukunijibu. Ulikuwa unanunua karanga.

Halafu Yanga wakaenda mechi 49 za ligi bila kupoteza. Unakumbuka maneno ya vijiweni: timu zinakwenda kucheza nao zikiwa zimeshaandika hesabu ya mabao. Waliovunja ni Ihefu, kule Mbarali, tarehe 29 Novemba 2022, 2-1. Na chukua wa huko kwako: Novemba 2024 Azam waliwafunga Yanga bao moja, na siku tano baadaye Tabora United wakawachapa 3-1 palepale Chamazi, Dar es Salaam. Siku tano! Naamini wale Tabora United wangekwenda wiki mbili kabla wangecheza mpira mwingine. Walikuwa wameshaona kwamba wale wanafungika. Yanga walimaliza msimu wakiwa mabingwa, najua utalileta hilo. Ubora wao uliwarudisha juu, na hiyo ndiyo hoja yangu: ubora unabaki, hofu inaweza kuondoka katika siku tano.

Na kama wa hapa hawakutoshi, vuka ziwa. Mwaka 2010 Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 ikaingia fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, kipa wao Kidiaba anarukaruka kwa makalio uwanjani na sisi tunamwiga barazani kwa bibi. Inter Milan wakawafunga 3-0, ndiyo, lakini walifika. Mwaka 2012 Zambia, wale ambao meli ya Liemba ilikuwa ikitia nanga kwao Mpulungu, walicheza fainali ya Afrika na Ivory Coast ya Drogba na Yaya Touré, timu ambayo haikuruhusu hata bao moja mashindano mazima. Dakika 120 hakuna bao. Drogba alipaisha penalti dakika za kawaida. Zambia wakachukua kombe kwa matuta. Mechi hiyo tuliitazama kwenye kibanda kimoja, wewe ndiye uliyelia. Mtu aliyelia vile kwa ajili ya Zambia anawezaje kumwambia mtoto wa Kasulu arudi nyuma?

Sasa la msiba, maana najua hilo ndilo linalokufanya usipokee simu.

Watu wanasema nilikuaibisha mbele ya wazee. Siku ya tatu tu baba yuko kaburini, nimekesha, watu wako chini ya turubai, na wewe unatoka ndani umevaa ile jezi. Ile ile. Labda ulivaa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa safi, sikukuuliza. Mzee mmoja akauliza habari zake, ukaanza kusimulia mechi ile kwa kujisifu, kwamba ulicheza na wale, kwamba namba kumi mwenyewe alikuvulia. Baba alikuwa uwanjani siku ile, Kaka. Aliondoka baada ya bao la tatu, akatembea peke yake mpaka nyumbani, na jioni hakuuliza matokeo. Ningekaa kimya vipi? Nilisema uliyoyafanya, nikasema na habari za yule dogo. Kama sauti ilipanda, ilipanda kwa sababu nilikuwa nimeibeba miaka, na hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa uwanjani wa kuyasema. Mjomba ameniambia niombe radhi. Nimemjibu kwamba nililosema ni kweli, na mpaka leo hakuna aliyenionyesha neno moja lisilokuwa kweli.

Lakini wewe ni kaka yangu. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka maji kule Katonga, viatu vyangu vya kwanza vya mpira ulinunua kwa hela ya mihogo yako. Ndiyo maana ile soda imeniuma kuliko ingeniuma kwa mtu mwingine.

Waache watoto wawaone wale wanashuka kwenye gari. Waambie majina yao, namba zao, nani anapiga kwa mguu wa kushoto, nani anachoka kipindi cha pili, maana kila timu ina beki mzito wa kugeuka na wewe utamwona ndani ya dakika kumi. Ukimjua mtu kwa mguu wake huna nafasi ya kumjua kwa sifa zake. Waambie wakabe kwa kugusa, kama ulivyonifundisha mimi. Aprili 2024 Simba walirudi hapa Lake Tanganyika, Mashujaa wakawatoa tena, 1-1 halafu matuta. Novemba ile ile ya Tabora United wakakutana kwenye ligi, Mashujaa wakafungwa moja, lakini Simba walilisubiri bao hilo mpaka dakika za nyongeza. Hao ni vijana waliokwisha zoea kuwatazama Simba usoni, na wakipoteza wanapoteza wakiwa wamesimama karibu na mtu. Watoto wako wanaweza kufungwa Jumamosi. Wafungwe wakiwa juu.

Na akitokea mmoja akapanda, akampita mtu, usimwite. Hata akipoteza mpira. Kama unataka kupiga kelele, waambie wengine wamfuate.

Soda wanunulie wote, na ahadi ile ya matatu uifute leo, kabla ya mazoezi.

Kuhusu kiwanja cha baba, mimi sijatia saini chochote na sitatia mpaka uwepo. Mama anauliza kama mtakuja Idd, wewe na shemeji na watoto. Ameniuliza mimi mara nyingi mno. Mpigie umjibu mwenyewe.